Kura Ikishapigwa, Irudiwe? Mkwamo wa Uingereza na Mashauri Yetu



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu wazazi na wanafunzi, kila mwaka tunaposomesha mlango wa shura katika madrasa yetu, na tukafika kwenye aya ya 159 ya Surat Aal-Imran ambayo Allah (s.w.t.) anamuamrisha Mtume wake ashauriane na Maswahaba, hakosi kijana wa kunyanyua mkono na kuuliza: "Ustadh, na watu wakishauriana wakaamua, kisha mambo yakakwama, wanaruhusiwa kurudia shauri?" Ni swali zuri. Tena si swali la vitabuni tu. Nchi kubwa kama Uingereza ililumbana juu ya swali hilo hilo kwa zaidi ya miaka mitatu, mabarabarani, bungeni na ndani ya nyumba za watu. Leo, kwa tawfiki ya Allah, tulitazame jambo lile kwa utulivu, kisha tuone lina nini kwa ajili yetu hapa Uganda.

Huenda msomaji akasema: mambo ya Wazungu yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Katika kura ile sheria ya Uingereza iliwaruhusu kupiga kura raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi kule kihalali. Kwa hiyo mwanafunzi wa Uganda, Kenya, Tanzania au Rwanda aliyekuwa akisoma London au Leicester aliweza kujiandikisha na kupiga kura, wakati Mfaransa au Mpolandi aliyeishi kule miaka kumi hakuweza, maadamu hakuwa na uraia wa Uingereza. Wapo watoto wa jamaa zetu waliopiga. Na siku yenyewe, 23 Juni 2016, ilikuwa katikati ya Ramadhani ya mwaka 1437, watu wamefunga saa ndefu za kiangazi cha kule.

MAMBO YALIVYOKUWA

Swali lilikuwa moja: Uingereza ibaki katika Umoja wa Ulaya au itoke? Watu milioni 17.4 walisema itoke, na milioni 16.1 walisema ibaki. Kwa asilimia ni 51.9 kwa 48.1. Waliojitokeza walikuwa asilimia 72.2 ya walioandikishwa, idadi kubwa kwa nchi ile. Lakini Scotland na Ireland ya Kaskazini, ambazo ni sehemu za dola hiyo hiyo, wengi wao walitaka kubaki. Waislamu wa kule nao hawakuwa upande mmoja. Wako waliochagua kutoka na wako waliochagua kubaki.

Waziri Mkuu David Cameron, ambaye ndiye aliyeitisha kura, alitangaza kujiuzulu asubuhi ya pili yake. Akaja Theresa May. Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Watu walikuwa wameulizwa kama wanataka kutoka, lakini hawakuulizwa kutoka kwa namna gani. Kutoka na kubaki katika soko la pamoja? Kutoka kabisa? Na mpaka kati ya Ireland ya Kaskazini na Jamhuri ya Ireland, ambao amani yake ilijengwa kwa makubaliano ya mwaka 1998, utakuwaje? Kila mmoja aliyepiga kura ya kutoka alikuwa na picha yake kichwani.

Bi May alipoleta mapatano yake bungeni tarehe 15 Januari 2019, yalikataliwa kwa kura 432 dhidi ya 202. Akayarudisha tarehe 12 Machi, yakakataliwa. Akayarudisha tena tarehe 29 Machi, siku ambayo nchi ilitakiwa iwe imeshatoka, yakakataliwa mara ya tatu. Wabunge wakajaribu kupiga kura wao kwa wao kutafuta njia. Tarehe 27 Machi waliwekewa njia nane, na hakuna hata moja iliyopata wingi. Tarehe 1 Aprili waliwekewa nne, zote zikaanguka. Mojawapo ilikuwa ni kuwarudishia wananchi mapatano waamue wenyewe kwa kura nyingine ya maoni. Ilishindwa kwa kura 280 dhidi ya 292. Tofauti ya watu kumi na wawili tu!

Huo ndio mkwamo wenyewe. Serikali haiwezi kwenda mbele, bunge halitaki kurudi nyuma, na wananchi wamegawanyika karibu nusu kwa nusu. Watu walijaa mabarabara ya London wakidai kura irudiwe. Zaidi ya watu milioni 6 walitia saini ombi la kutaka safari ya kutoka isitishwe kabisa. Upande wa pili nao wakasema: tumeshaamua, mnatuibia kura yetu.

HOJA ZA PANDE MBILI

Ndugu zangu, mwenye insafu hutakiwa azisikilize hoja za pande zote mbili kabla ya kusema neno.

Waliokataa kurudia walisema: ahadi ni ahadi. Serikali iliwaambia watu kwamba itatekeleza watakaloamua. Kama kura inarudiwa kwa sababu wakubwa hawakuipenda, basi kuna faida gani ya kuulizwa? Wakatoa mifano. Denmark ilikataa mkataba wa Maastricht mwaka 1992, ikapigishwa tena kura mwaka 1993, ikakubali. Ireland ilikataa mkataba wa Nice mwaka 2001, ikaukubali mwaka 2002. Ikakataa mkataba wa Lisbon mwaka 2008, ikaukubali mwaka 2009. Wakasema: mbona ikijibiwa "ndiyo" hairudiwi, hurudiwa ikijibiwa "hapana" tu?

Waliotaka irudiwe walisema: mwaka 2016 hapakuwa na mapatano mezani, leo yapo, basi watu wayaone, kisha waseme. Tena walioshinda walizunguka na basi jekundu lililoandikwa kwamba nchi inapeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki, hesabu ambayo mamlaka ya takwimu ya nchi yenyewe ilisema inapotosha. (Na kwa insafu, upande wa pili nao ulitisha watu kwamba uchumi utaanguka mara tu baada ya kura, na haikuwa hivyo wakati ule.) Na wao pia wakatoa hoja: nchi hii ilishapiga kura mwaka 1975, asilimia 67 wakasema tubaki. Ikiwa haifai kurudia, basi hata ile ya 2016 ilikuwa ni kurudia, ingawa baada ya miaka 41.

Mwanafunzi wa fiqhi akisikia hoja hizi hukumbuka mlango wa biashara. Kura si bidhaa, na hatusemi kwamba hukumu za sokoni zinahukumu nchi. Tunachukua mfano tu ili akili ifahamu. Upande mmoja unasimama na mwanzo wa Surat al-Maida, pale waumini wanapoamrishwa kutimiza mikataba. Upande wa pili unasimama na khiyari, yaani haki ya mnunuzi kurudisha. Baadhi ya wanazuoni, hasa wa madhehebu ya Hanafi, wanasema aliyenunua kitu ambacho hakukiona ana khiyari ya kukubali au kukataa atakapokiona. Na sote tunakubali kwamba mwenye kuuziwa kitu chenye aibu iliyofichwa ana haki ya kukirudisha. Lakini khiyari hizi zina masharti. Hazikai milele. Na mwenye kukitumia kitu baada ya kuijua aibu yake, huyo ameridhia.

Kwa hiyo pande zote mbili zilishika kitu cha haki. Aliyesema mkataba utimizwe hakukosea, na aliyesema mnunuzi aone anachonunua hakukosea. Kosa lilikuwa nyuma yao wote wawili. Waliingia kwenye mkataba bila kuandika masharti. Hawakusema kabla ya kura: "Mkichagua kutoka, maana yake ni hii, na tukikwama, tutafanya hivi." Dini yetu inakataza gharar, biashara ya kitu kisichojulikana, kwa sababu mwisho wake ni ugomvi. Uingereza iliuona ugomvi huo.

MTUME (S.A.W.) ALIPOVAA DERAA

Sasa turudi kwenye swali la kijana wetu. Aya ile ya shura ilishuka baada ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Kabla ya vita Mtume (s.a.w.) aliwashauri Maswahaba. Rai yake ilikuwa wabaki Madina wapigane ndani ya mji. Wengi, hasa vijana ambao hawakuwahi Badr, walitaka kutoka. Mtume (s.a.w.) akafuata rai yao, akaingia ndani akavaa deraa. Alipotoka, walikuwa wamejuta. Wakasema wamemlazimisha, wakamwambia afanye atakavyo, hata kama ni kubaki. Hapo ndipo alipowajibu kwamba haimpasi Nabii akishavaa zana za vita azivue mpaka Allah ahukumu baina yake na adui yake.

Angalieni vizuri. Rai ya kwanza ya kubaki ndiyo iliyokuwa rai yake mwenyewe (s.a.w.). Angependa, angesema "Alhamdulillah, mmerudi kwenye rai yangu." Lakini hakurudia shauri, kwa sababu adui alikuwa njiani na jeshi linalogeuka-geuka mlangoni halipigani.

Kisha akatoka Abdullah bin Ubayy, naye alikuwa ametaka kubaki. Alipoona rai yake haikufuatwa, alirudi njiani na kundi lake, karibu theluthi ya jeshi, akilalamika kwamba vijana wamesikilizwa yeye akaachwa. Huyu ndiye mtu wa kuogopwa katika kila shauri: anakubali kushauriana mradi ashinde, akishindwa anaondoka na watu wake.

Waislamu walipata msiba Uhud, wakauawa Maswahaba karibu 70 (r.a.). Mtu angedhani baada ya hapo vijana wangelaumiwa na mlango wa shura ukafungwa. Badala yake Allah (s.w.t.) alimuamrisha Mtume wake awasamehe, awaombee maghfira, na aendelee kushauriana nao. Matokeo mabaya hayakuibatilisha shura.

UMAR (R.A.) NA HUKUMU MBILI

Je, maana yake ni kwamba uamuzi ukishapita haubadiliki? La. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alimfundisha Abdurrahman bin Samura (r.a.) kwamba mwenye kuapa juu ya jambo, kisha akaona lingine lililo bora, afanye lililo bora na akitolee kafara kiapo chake. Basi hata kiapo kina njia ya kurudi. Lakini tuzingatie: kuna kafara. Haikusemwa "geuka tu." Mwenye kugeuka analipa, ili neno lake lisiwe rahisi mdomoni.

Na kwenye elimu ya mirathi, wanafunzi wetu wanaijua masala ya al-Himariyya. Mwanamke amefariki, ameacha mume, mama, ndugu wa kwa mama na ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Umar (r.a.) aliihukumu mara ya kwanza na wale ndugu wa baba na mama wakakosa. Baadaye likamjia tukio mfano wa hilo, akawashirikisha na wenzao. Alipoulizwa, jibu lake lilikuwa kwamba ile ya kwanza inabaki kama alivyohukumu wakati ule, na hii ni kama anavyohukumu sasa. Hakuwanyang'anya wale wa mwanzo. Ndipo wanazuoni wakaweka kanuni kwamba ijtihadi haivunjwi na ijtihadi nyingine. Njia ya mbele iko wazi, lakini yaliyokwisha kutendeka hayafumuliwi.

Kwa hiyo jibu tunalompa kijana ni hili. Shauri linaweza kurudiwa pakiwa na mambo matatu. Kwanza, pawepo jambo jipya ambalo watu hawakulijua mwanzo, si hasira ya kushindwa tu. Pili, wakati uwe bado unaruhusu, adui asiwe mlangoni. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, mwenye kuomba kurudia awe tayari moyoni mwake kulikubali jibu hata likija kama lile la kwanza. Anayeuliza mpaka apate anachotaka, huyo hashauri. Anatafuta mihuri.

Tukiipima Uingereza kwa mizani hii, la kwanza lilikuwepo: mapatano yalikuwa yameshaonekana. La pili lilikuwa na nafasi, kwa sababu Umoja wa Ulaya uliongeza muda zaidi ya mara moja. Ni la tatu lililokosekana kwa wengi, wa pande zote, na kila mtu alimjua mwenzake kwamba hayuko tayari. Ndiyo maana wazo halikupita. Mwisho wake, tarehe 12 Desemba 2019 ulifanyika uchaguzi mkuu. Chama cha Boris Johnson kiliahidi kutoka, kikapata viti 365 kati ya 650. Chama cha Labour, kilichoahidi kura nyingine ya maoni, kikapata 202. Tarehe 31 Januari 2020 Uingereza ikatoka.

NA HAPA KWETU

Hatuna haja ya kwenda mbali. Uganda tunajua kurudia kura ya maoni. Tarehe 29 Juni 2000 wananchi waliulizwa kama wanataka kuendelea na mfumo wa Movement au kurudi kwenye vyama vingi. Zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga wakachagua Movement. Tarehe 28 Julai 2005, miaka mitano tu baadaye, wakaulizwa tena. Zaidi ya asilimia 92 wakachagua vyama vingi. Nchi ile ile, watu wale wale, jibu limepinduka! Kurudia kwetu kuliwekewa njia na Katiba ya mwaka 1995, na hilo ni zuri; masharti yalikuwa yameandikwa mapema. Lakini mara zote mbili kulikuwa na waliosusia, na mwaka 2005 waliojitokeza hawakufika nusu ya walioandikishwa. Njia ikiwa imeandikwa, lakini mtu akaona jibu limeshapangwa, hubaki nyumbani.

Na sisi Waislamu wa Uganda, tuseme ukweli kwa upole. Ni miaka mingi sasa tuna wanaotazama Old Kampala na wanaotazama Kibuli. Hatuandiki haya kumhukumu yeyote. Wote ni ndugu zetu na viongozi wetu. Tunachosema ni kwamba watoto wetu wanakua wakiona mgawanyiko huo kama kitu cha kawaida, kama mvua na jua. Hilo linatuumiza.

Tunaujua msikiti mmoja mdogo, hatutautaja, ambao kamati yake ilichaguliwa Jumamosi, ikapingwa, ikachaguliwa tena baada ya mwezi, ikapingwa tena na upande wa pili. Kila mara walioshindwa walikuwa na sababu: orodha ya waumini haikuwa sawa, wazee hawakualikwa, mkutano ulianza kabla ya wakati. Na sababu nyingine zilikuwa za kweli. Lakini hakuna aliyekuwa ameandika mwanzo ni nani mwenye haki ya kuchagua na malalamiko yapelekwe wapi. Mara ya tatu wengi hawakuja. Baadhi ya familia zikahamia msikiti mwingine, na darasa la watoto la jioni likabaki na mikeka mitupu. Waliogombana walikuwa watu wazima, lakini waliokosa Qur'ani ni watoto.

Basi, ndugu wazazi, tuchukue mazoea haya. Mkikaa kikao cha familia, iwe ni shamba la marehemu, posa ya binti au ada ya mtoto anayekwenda chuo, kabla ya kutoa rai elezeni kwanza swali ni lipi hasa. Semeni nani anashauri na nani anaamua, maana hayo ni mawili. Semeni uamuzi utadumu mpaka lini, na ni jambo gani likitokea mtakaa tena. Yaandikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, baina ya watu wanaoaminiana. Kuandika si kutoaminiana. Ni kuilinda imani iliyopo.

Nanyi wanafunzi, mlio vyuoni hapa na mlio ng'ambo, mkiwa na chama chenu cha Waislamu na mkapiga kura ya viongozi, ukishindwa usiwe wa kwanza kuondoka na kundi lako. Baki safuni. Ukiona kosa la kweli, lilete kwa ushahidi na kwa adabu, mahali palipowekwa. Na ukishinda, usimfungie mlango aliyeshindwa. Msikilize, kwani huenda yeye ameiona aibu ya bidhaa ambayo wewe hukuiona.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) azisafishe nia zetu tunaposhauriana, atupe subira tunaposhindwa na unyenyekevu tunaposhinda, na aziunganishe safu za Waislamu wa nchi yetu na za kila mahali. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.